Rivyu ya sanduku la kura la plastiki na sili zake, kutoka kwa mtu aliyekesha nalo

Watu wanafanya rivyu za simu na blenda na mimi leo nataka kufanya rivyu ya sanduku la kura, na usicheke, manake hiki ni kitu ambacho kila miaka mitano tunakikabidhi kaunti nzima alafu hakuna anayekaa chini akasema ni kizuri ama ni kibovu, tunajua tu kupiga kelele kura zimeibwa. Mimi nilikuwa karani kituo kimoja hapa Mombasa 2022, skuli ya msingi, sitaitaja jina na wadi pia sitaitaja kwa sababu mbele huko kuna kosa na kosa lenyewe ni langu. Hili sanduku nimelishika asubuhi likiwa tupu, nimelishika saa tisa usiku likiwa limejaa, na nikaja kuliona tena miezi baadaye likifunguliwa mahakamani. Kwa hivo nina haki ya kusema mawili matatu.

Tuanze na lenyewe. Ni plastiki nyepesi, linaonesha ndani lakini si kama glasi, lina ukungu ukungu kama dumu la maji lililokaa juani. Mtu mmoja analibeba likiwa tupu bila shida, likijaa ni la watu wawili kama mnapenda migongo yenu. Juu kuna mfuniko wa rangi wenye mwanya wa kupitishia karatasi, na rangi ndo inakwambia hili ni la nani: nyeupe rais, buluu gavana, njano seneta, zambarau mwakilishi wa wanawake, kijani mbunge, na ile rangi ya mchanga ni ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Karatasi nazo zina rangi hizo hizo. Hapo nampa fundi aliyefikiria hilo wazo nyota zote, manake nimeona bibi ambaye hajui kusoma hata herufi moja akasimama mbele ya foleni ya masanduku na karatasi zake mkononi akazitia moja moja kila moja pahali pake, hakuuliza mtu. Alafu akaja kijana wa chuo na simu mbili mfukoni akatia ya seneta kwenye sanduku la mbunge. Hizo ndo tunaita kura zilizopotea njia, na usiku zinakusumbua kwelikweli kwa sababu ukifungua sanduku la kijani unakuta njano ndani na hapo hapo kila ejenti, yaani mtu aliyetumwa na mgombea ama chama kulinda kura, anasimama.

Sasa wenye kumbukumbu mtaniuliza, mbona unasema masanduku sita na sisi Mombasa tarehe 9 Agosti tulipiga kura tano? Ni kweli. La buluu siku hiyo halikutumika. Jioni ya tarehe 8, watu washashona nguo za kwenda kupigia kura, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, wa wakati huo, Wafula Chebukati, akatangaza kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi zimechapishwa na picha na maelezo yasiyokuwa ya wagombea wetu. Tukaambiwa tarehe 23, ikasogezwa tena mpaka 29. Na hili nalitaja kwenye rivyu ya sanduku kwa sababu lilinifunza kitu. Zile karatasi zilichapishwa Ugiriki, zikaletwa kwa ndege, zikapokewa na maejenti na waandishi wa habari na polisi, zikafungwa zikalindwa, hakuna mtu wa kuzigusa, na ulinzi wote huo ulikuwa unalinda karatasi yenye sura ya mtu ambaye si mgombea wetu. Ulinzi haujui kusoma. Unalinda chochote ulichokiweka ndani, kiwe kizuri kiwe kibovu.

Haya, sili. Hapa ndo penye utamu.

Sili ni kile kimkanda cha plastiki chenye namba, kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, mkia una meno madogo madogo. Unapitisha mkia kwenye tundu la mfuniko na tundu la mdomo wa sanduku, unauingiza kichwani, unavuta, unasikia kra kra kra, basi, hairudi nyuma. Ukitaka kuitoa ni kuikata. Kila sili ina namba yake na hakuna mbili zenye namba moja, ama ndivo inavotakiwa. Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili kituo hakijafunguliwa, msimamizi wa kituo anainua kila sanduku anawaonesha maejenti kwamba ni tupu, wengine wanatia mkono ndani kabisa, alafu linafungwa kwa sili, namba zinasomwa kwa sauti na mimi naandika kwenye dayari ya kituo. Usiku baada ya kuhesabu, kura zinarudi ndani, sili mpya, namba mpya, dayari tena. Na ejenti akitaka kuongeza sili yake mwenyewe juu ya hapo, anaruhusiwa, sheria inamkubalia.

Mimi kabla ya siku hiyo nilidhani sili ni kufuli ndogo. Sivyo hata kidogo. Kile kimkanda ukikipiga na mkasi wa kukatia kucha kinakatika. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Kazi yake si kumzuia mtu, kazi yake ni kukwambia kwamba mtu amepita hapa. Ni kama uzi mtu anaoufunga mlangoni akisafiri, haumzuii mwizi lakini ukirudi ukaukuta umekatika unajua. Sasa tofauti ni kwamba uzi wa mlangoni ni wako na unaukumbuka, ila sili usipoandika namba yake pahali, mwizi anakata anatia nyingine ya sura ile ile na wewe asubuhi unakuja unaangalia unasema ah mambo sawa, sanduku limefungwa. Kwa hivo bidhaa yenyewe hasa si ile plastiki, ni ile namba kwenye karatasi. Plastiki bila dayari ni pambo.

Na wala si mawazo yangu ya kijiweni. Kuna profesa mmoja wa Princeton huko Marekani anaitwa Andrew Appel, yeye kwenye kesi ya mashine za kura za jimbo la New Jersey alionesha mbele ya mahakama jinsi sili zinavotolewa na kurudishwa bila kuacha alama ya kuonekana, na wakiongeza aina nyingine ya sili anazitoa nazo. Na yule ni mtu wa kompyuta, si fundi wa kufuli. Kwa hivo mtu akikwambia masanduku yetu ni salama kwa sababu yana sili nne nne, muulize namba ziko wapi na nani mwingine anazo.

Kuhusu ile plastiki kuonesha ndani, historia yake naipenda. 1856 huko San Francisco walikamata sanduku la kura la mbao ambalo chini lilikuwa na sakafu mbili, ile ya juu ni ya uongo inateleza, na katikati yake kura zishapangwa kabla hata mtu wa kwanza hajafika. Unawaonesha watu sanduku, wanaona tupu, wanaridhika, kumbe lina mimba. Ulikuwa uchaguzi wa mji tu, siasa za mtaani, na nadhani ndo maana, manake kwenye siasa za mtaani kura hamsini zinakupa kiti. Miaka miwili baadaye jamaa wa New York, Samuel Jollie, akasajili sanduku la kioo, duara kama tungi, limeshikwa na fremu, kila mtu anaona kinachoingia. Ufaransa nao wakaja kuandika kwenye sheria yao mwisho mwisho wa miaka ya 80 kwamba sanduku lazima lioneshe ndani. Kwa hivo hicho kiplastiki chetu chenye ukungu kina ukoo mkubwa.

Lakini kuna kasoro ambayo nimeiona kwa macho yangu na sijasikia watu wakiisema. Ufaransa wanatia karatasi kwenye bahasha ndo wanatia kwenye sanduku. Sisi hatuna bahasha, tunakunja. Na mtu ambaye hakukunja vizuri, ama alikunja kwa nje, karatasi yake ikiangukia ubavuni mwa sanduku unaweza kuona alama ya kalamu kupitia plastiki. Mchana jua likipiga kutoka dirishani ndo kabisa. Nilimwona ejenti mmoja amehamisha kiti chake mara mbili kufuata ubavu wa lile la MCA, nikamwambia bosi wangu, bosi akalizungusha sanduku likaangalia ukuta, likaisha. Ila lisingezungushwa je? Kwenye wadi ambapo mgombea ni jirani yako na ejenti wake ni shemeji yako, siri ya kura si jambo la vitabuni, ni jambo la kesho utakopa wapi sukari. Napunguza nyota moja hapo. Ukungu ungeongezwa kidogo pembeni hakuna ambaye angelalamika.

Sasa mtu atasema mbona unang'ang'ania MCA, kura kubwa ni ya rais. Nakuelewa, lakini sikiliza. Ya rais 2022 ilikuwa na ulinzi ambao babu zetu wasingeuamini. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, inapigwa picha na kile kidude cha IEBC tunachoita kimsi (KIEMS) pale pale kituoni inarushwa, inawekwa kwenye mtandao, mtu amekaa Doha kwenye kazi yake ya ulinzi anafungua fomu ya skuli ya kijijini kwao anajumlisha mwenyewe. Vituo zaidi ya 46,000 na kila fomu iko hapo. Ya MCA je? Fomu yake ni 36A. Inajazwa, maejenti wanapewa nakala, moja inabandikwa mlangoni, na mlangoni kwenyewe mvua ikinyesha ama mbuzi akipita ndo basi. Haikuwekwa kwenye ile tovuti. Wadi 1,450 nchi nzima, viti ambavyo vinaamua mtaro wako utazibuliwa ama utazibwa, na ushahidi wake wote ni karatasi na sanduku. Rais ana mtandao, MCA ana plastiki. Kwa hivo ukiwa unafanya rivyu ya sanduku kwa haki, ifanyie pale ambapo sanduku limeachwa peke yake.

Na kabla sijafika kwenye aibu yangu niseme kitu kimoja kuhusu kuhesabia kituoni. Baba yangu anakumbuka 1988, mlolongo, uteuzi wa KANU, mnapanga foleni nyuma ya mgombea ama picha yake, hakuna karatasi hakuna sanduku hakuna siri, foleni fupi inatangazwa imeshinda foleni ndefu na unarudi nyumbani na macho yako mawili. Yeye anasema hakuna sanduku la kuiba lakini wizi ulikuwepo. Alafu vyama vingi vikaja, 92 na 97, masanduku yakawa yanabebwa usiku kutoka vituoni mpaka ukumbi mmoja wa kuhesabia, na njiani ndo kulikuwa na mambo. Kuanzia 2002 kura zikawa zinahesabiwa pale pale zilipopigwa. Mimi nasema hilo badiliko moja limefanya kazi kuliko sili zote duniani, manake sanduku linapopanda gari matokeo yashajulikana na maejenti washayapiga picha. Anayeiba sanduku njiani anaiba kitu ambacho nakala yake iko kwenye simu kumi.

Haya sasa, usiku wenyewe.

Tulifunga saa kumi na moja jioni, waliokuwa kwenye foleni wakamalizia. Tukaanza na ya rais kama ilivo kawaida, kila karatasi inainuliwa inaoneshwa, "haya hii ni ya nani, mnakubali?", "tunakubali", inawekwa fungu lake. Kituo kimoja hakizidi wapigakura mia saba lakini mia saba mara tano zihesabu na taa ya betri na mbu wa Mombasa uone. Tulipofika kwa MCA ilikuwa imeshapita saa nane. Mimi nilikuwa naandika dayari na macho yananiwaka kama yametiwa pilipili. Kwenye darasa tulikuwa tumebaki sisi, askari mmoja analala kwa kusimama, na maejenti. Kati ya maejenti kulikuwa na mama mmoja wa mgombea huru, mtu ambaye hana chama, hana tisheti, hana hela, na yule mama naye alikuja na leso yake, chupa ya chai ya rangi na daftari la skuli la kurasa 32 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Maejenti wa vyama vikubwa walishaanza kuchat na wengine wamelala kwenye madawati. Yule mama anaandika.

Tukamaliza kuhesabu, kura zikarudishwa, fomu ikajazwa, tukaanza kufunga sanduku la mfuniko wa mchanga. Naibu wa msimamizi anafunga, anasoma namba, mimi naandika. Sili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaivuta kra kra kra, alafu akagundua mkia umepita tundu la mfuniko peke yake, la sanduku haukupita. Yaani ameifunga hewani. Hii inatokea sana ukichoka, na hapa ndo naipunguzia ile bidhaa nyota nyingine, matundu hayana mstari wa kukuongoza na kwenye mwanga hafifu unapapasa tu kama unatafuta tundu la sindano. Ikabidi aikate, akachukua ya akiba, akafunga vizuri, akasema namba kwa sauti. Mimi tayari nilishaandika namba ya ile iliyokatwa. Nikasikia namba mpya. Nikasema kichwani ntairekebisha nikimaliza mstari huu. Sikuirekebisha.

Yule mama akanyanyua kichwa. "Mwanangu, umeandika hiyo nyingine?"

"Nishaandika mama."

Nakwambia ukweli nilidhani nimeandika. Yeye akasema haya, akapiga mstari kwenye daftari lake, akaandika tena, akafunga chupa yake ya chai. Tukabeba masanduku na askari mpaka kwenye gari, tukaenda kituo cha kujumlishia, tukakuta foleni ya wasimamizi wenzetu imezunguka ukumbi, watu wamelala juu ya masanduku yao kama mizigo ya abiria. Tulipokelewa jua lishatoka.

Tarehe 29 nikaitwa tena kwa ajili ya gavana, sanduku moja tu la buluu, watu wachache, tulimaliza mapema, na nilikuwa najiona fundi. Nilifunga sili mwenyewe zote bila kukosea moja. Sikujua tayari nimeshaharibu.

Kesi ya MCA inapelekwa mahakama ya hakimu, si ile kubwa ya Nairobi ya majoho mnayoona kwenye tivii. Una siku 28 tangu matokeo kutangazwa, na hakimu ana miezi sita kuimaliza. Kwenye wadi yetu aliyeshindwa aliona tofauti ni ndogo akaenda. Mahakama ikaamuru masanduku ya vituo kadhaa yafunguliwe yahesabiwe tena, na chetu kimo. Nikapigiwa simu nije. Nikaenda nimevaa shati la Idi.

Likaletwa lile sanduku, vumbi juu, mfuniko wa mchanga. Ofisa wa mahakama akainama akaanza kusoma namba za sili, mwenzake ameshika dayari yetu. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa. Ya nne akasoma, mwenzake akanyamaza. Akasoma tena polepole. Kwenye dayari kuna namba nyingine, mwandiko wangu, ile S yangu ya kijinga hata siwezi kukana. Wakili wa mlalamikaji hakuruka hakupiga kelele, alichukua kalamu tu akaandika kitu, na mimi nikahisi jasho linashuka mgongoni mpaka kwenye mshipi. Manake kwa mtu ambaye hakuwepo usiku ule, hiyo picha ina maana moja: mtu amekata sili, amefungua, amefanya alichofanya, akatia sili nyingine. Ndo kazi ya sili. Inasema mtu amepita. Sasa inasema, na aliyepita ni sisi wenyewe kwa usingizi, lakini plastiki haijui tofauti ya mwizi na mjinga.

Nikaeleza. Naibu naye akaeleza. Lakini sisi ni watu wa kituo, tutasema nini kingine? Ejenti wa chama kikubwa akaulizwa, akasema hakumbuki, na kweli hakumbuki, alikuwa amelala kwenye dawati. Ndo akaitwa yule mama. Na kumbuka yeye mgombea wake alikuwa ameshindwa vibaya, hakuwa upande wa aliyeshtaki wala wa aliyeshinda, hana cha kupata hapo ila nauli ya matatu. Akatoa daftari kwenye mkoba. Ukurasa una mstari wa chai umemwagika. Namba tatu, alafu ya nne imepigwa mstari, pembeni kaandika "imekatwa haikuingia", chini yake namba mpya, na saa. Namba mpya ikawa ndo ile iliyo kwenye sanduku.

Basi. Sanduku likafunguliwa, kura zikahesabiwa mbele ya wote, zikatoka vile vile kama kwenye 36A. Kesi yenyewe ilikuwa na mambo mengine na vituo vingine, hayo si yangu kuyasema.

Tangu siku hiyo nikisikia watu wanabishana tuweke sanduku la chuma, tuweke kamera, tuweke sili za rangi ya dhahabu, huwa nauliza nani wa pili ameandika. Wale Wafaransa niliowataja sheria yao inasema sanduku lina kufuli mbili zisizofanana, ufunguo mmoja anakaa nao mkuu wa kituo na wa pili anapewa mmoja wa wasaidizi wake kwa kupiga kura ya bahati. Hawakutafuta kufuli ngumu zaidi, walitafuta mtu wa pili. Na Gambia, hawa ndo wamenifurahisha zaidi, hawana karatasi kabisa, wana mapipa ya rangi yenye picha ya mgombea na unapewa gololi moja, unaidondosha kwenye bomba, inagonga kengele ndani, ting. Ukisikia ting mbili mtu amekamatwa. Wanaitumia mpaka kwenye chaguzi za madiwani na mameya. Siku nzima kila aliyeko kwenye foleni ni ejenti kwa masikio yake. Ukiuliza mimi hiyo ndo bidhaa bora kuliko yetu kwa usalama wa kwenye kituo, ingawa sijui ungepanga mapipa mangapi kwa kura sita na wagombea wa MCA kumi na tano wadi moja, darasa lingejaa kama godauni.

Kwa anayetaka nyota, haya: rangi tano kwa tano. Kuonesha ndani tatu, nimepunguza kwa ajili ya siri na ule ukungu usiojijua ni ukungu ama ni kioo. Uzito na kubeba nne. Sili yenyewe kama plastiki mbili, kama namba tano, ukiipata na mtu wa kuandika. Matundu ya kupitishia moja, na hiyo moja nawapa kwa kuwa nimeshawasamehe. Kalamu tulizopewa sifuri, nusu hazikuandika, 2027 nikiitwa tena nabeba zangu.

Yule mama nilikutana naye Kongowea sokoni mwaka uliopita ananunua viazi. Nikamsalimia, shikamoo mama, akanikumbuka, akacheka, "wewe ndo yule karani wa sili." Nikamuuliza daftari bado analo. Akasema analo lakini mjukuu wake amelikuta akafanyia hesabu za skuli kurasa zilizobaki, ule ukurasa wa sili tu ndo aliambiwa asiuguse.